Mbegu Isiyotaka Kuzikwa: Kuotesha Valeriani Kwenye Bustani ya Nyumbani

Pakiti yangu ya kwanza ya mbegu za valeriani, mmea ambao mizizi yake hunywewa kama chai ya usingizi, niliiua mwenyewe, kwa tabia niliyotoka nayo nyumbani. Marangu nilikokulia, mbegu ni kitu cha kufukiwa: unachimba kishimo, unadondosha punje mbili za mahindi na moja ya haragwe, unafukia kwa kisigino na kusonga mbele. Nikafanya vivyo hivyo hapa Leipzig, kwenye trei dirishani, nikafunika mbegu kwa udongo wa sentimita nzima. Nikasubiri wiki tano. Kilichoota ni ukungu tu. Mzee jirani yangu wa bustanini alipoiona ile trei aliuliza swali moja: umezifunika? Nikamjibu ndiyo. Alicheka mpaka akakohoa.

Mbegu ya valeriani huota ikiona mwanga. Ukiizika, inalala huko huko. Pakiti za Ujerumani huwa zimeandikwa neno dogo, Lichtkeimer, maana yake mbegu inayohitaji mwanga ili iote. Neno hilo nililiona tangu siku ya kwanza, nikadhani ni jina la kampuni.

Ninayoeleza hapa nimeyafanya kwenye kiploti cha kukodi, vile vibustani vya Kijerumani ambavyo sheria ya mwaka 1983 inasema visizidi mita za mraba 400. Yatamfaa pia ndugu aliye Uholanzi, Uingereza, Denmark au Kanada, na hata mwenye kibaraza chenye chungu kirefu. Uwe na subira tu. Ukisia mwezi Machi mwaka huu, mizizi ya maana utaichimba vuli ya mwaka ujao.

Kwanza hakikisha ni yenyewe

Wajerumani huiita Baldrian, na jina la kitaalamu ni Valeriana officinalis. Ni mmea wa kudumu wa Ulaya na sehemu za Asia. Mwaka wa kwanza hukaa chini kama fungu la majani, mwaka wa pili hurusha mashina ya mita moja hadi moja na nusu, mengine yakikupita kimo, yenye vishada vya maua meupe yanayoelekea waridi.

Dukani utakutana na jamaa yake anayechanganya watu: Centranthus ruber, ambayo hapa huitwa Rote Spornblume na Uingereza huitwa valeriani nyekundu. Ndiyo ile inayoota yenyewe kwenye kuta kuukuu za mawe, maua mekundu yamejaa. Ni nzuri kwa macho, lakini kama unatafuta mizizi ya usingizi, siyo hiyo. Soma jina la Kilatini kwenye pakiti, mengine yote ni mapambo.

Na usijaribu kuchimba ya porini kandokando ya mitaro kama hujafundishwa na mtu anayeijua. Sehemu hizo hizo zenye unyevu huota mimea yenye sumu kali na maua meupe ya kufanana ukiwa mbali, mmoja wao ukiwa Conium maculatum, wenye mabakabaka ya zambarau kwenye shina. Mbegu ya dukani ni bei ya kikombe cha kahawa.

Kwa watu wa kwetu, valeriani siyo mgeni kabisa. Kilimanjaro, juu ya msitu, kuna ya kwake: Valeriana kilimandscharica, kijimea kifupi cha baridi ya juu, kinachopatikana pia Mlima Kenya. Kuna na Valeriana volkensii, iliyopewa jina la Georg Volkens, mtaalamu wa mimea Mjerumani aliyekaa Marangu mwanzoni mwa miaka ya 1890 akikusanya mimea ya mlima. Hizo ziache hifadhini zilipo. Nimezitaja kwa sababu ilinifurahisha kujua kwamba mmea ninaoupalilia Leipzig una ndugu zake juu ya kwetu.

Jambo la mwisho kabla ya kununua: mmea huu hujisambaza. Wisconsin huko Marekani umewekwa kwenye orodha ya mimea vamizi inayodhibitiwa. Ukiwa Marekani, angalia kwanza sheria ya jimbo lako.

Mbegu iwe ya karibuni

Mbegu zenyewe ni vitu vyepesi, bapa, rangi ya kahawia, kila moja na kishungi cha nyuzi kama manyoya. Ukipumua vibaya zimeruka. Nguvu yake ya kuota hupungua haraka kuliko ya mboga nyingi. Nunua za msimu huu, angalia tarehe nyuma ya pakiti, na kama zinasubiri, zikae kwenye chupa iliyofungwa vizuri ndani ya friji. Za mwaka jana huota, ila kwa uvivu. Za miaka mitatu usijihangaishe nazo.

Hata mbegu mpya haziendi sawasawa. Ikiota nusu, shukuru. Kwa matumizi ya nyumba moja miche minne hadi sita inatosha kabisa, kwa hiyo pakiti moja ni nyingi mno.

Kusia

Mimi husia mwishoni mwa Machi, ndani ya nyumba. Mapema kuliko hapo mwanga wa dirishani ni hafifu, miche hurefuka na kulegea kama vijiti vya tambi.

Chukua trei yenye matundu chini. Udongo uwe ule unaouzwa kwa ajili ya kusia, usio na mbolea nyingi. Hapa huitwa Aussaaterde. Ninachanganya sehemu tatu za udongo huo na sehemu moja ya mchanga safi. Jaza trei, loanisha kabla ya kuweka mbegu, halafu sawazisha kwa kipande cha ubao ili uso wake uwe bapa kama meza. Hili la kusawazisha usilidharau. Mbegu ikidondokea kwenye kishimo, utakapomwagia maji udongo utaiporomokea na utakuwa umeizika bila kukusudia.

Sasa weka mbegu kidogo kwenye kiganja pamoja na kijiko kimoja cha mchanga mkavu, changanya kwa kidole, na unyunyize kama unavyotia chumvi kwenye samaki. Mchanga unazitenganisha na kuzizuia zisiruke. Ukimaliza, kandamiza taratibu kwa kiganja ili zigusane vizuri na udongo wenye unyevu. Basi. Usiongeze chochote juu. Mkono utakuwasha kutaka kufunika, uweke mfukoni.

Nyunyizia ukungu wa maji kwa chupa ya kupulizia, kisha funika trei kwa mfuniko wa plastiki unaopitisha mwanga au mfuko wa plastiki mwangavu. Iweke dirishani penye mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja la mchana, joto likiwa nyuzi 18 hadi 20. Kuilaza mbegu kwenye baridi kabla ya kusia, kama inavyofanywa kwa baadhi ya mimea ya huku, sijawahi kuhitaji.

Wiki mbili hadi nne za kungoja

Hapa ndipo watu hukata tamaa. Mbegu ya kwanza huweza kuchomoza siku ya 14, nyingine siku ya 28, na zote zimesiwa dakika moja. Usimwage trei kabla ya wiki tano kwisha.

Kila asubuhi fungua mfuniko kwa dakika kumi hewa iingie, na ufute matone yaliyoganda. Udongo usikauke hata siku moja, kwa kuwa mbegu iliyo juu haina mahali pa kujificha. Lakini usimwage maji kutoka juu. Weka trei ndani ya sinia lenye maji ya sentimita mbili, iache inywe kwa robo saa, itoe ichuruzike. Maji ya juu yakizidi na hewa ikakosekana, unakaribisha kinyausi: jioni umeacha miche imesimama, asubuhi imelala chini, shina limebanwa na kuwa kama uzi pale linapogusa udongo. Ikitokea, ng'oa iliyoanguka na udongo wake, ondoa mfuniko, punguza maji. Nyingine zitapona au hazitapona.

Mche unapotoka huwa na vijani viwili vidogo vya mviringo, vikubwa kidogo kuliko punje ya ulezi. Majani yanayofuata ni mazima, yana kikonyo. Usishangae kwamba hayafanani na picha ya pakiti. Yale majani yaliyogawanyika kama unyoya wa kuku huja baadaye, mche ukishakomaa kidogo. Mwaka mmoja niling'oa miche kadhaa nikidhani ni magugu yaliyokuja na mboji.

Miche ikipata jozi mbili za majani halisi, ihamishie kwenye vikopo, mmoja mmoja. Mimi hutumia vikopo vya mtindi vilivyotobolewa matako. Shika mche kwa jani, kamwe usishike shina, kwa sababu jani likichubuka litaota jingine.

Kwenda nje

Wakulima wa hapa wana siku zao za baridi ya mwisho, tarehe 11 hadi 15 Mei, wanazoziita Watakatifu wa Barafu, na ya mwisho ni Sofia wa Baridi. Kabla ya Sofia kupita hawatoi nyanya nje. Valeriani siyo nyanya. Ikishashika ardhini hustahimili baridi kali ya barafu bila kufunikwa. Tatizo ni kwamba mche uliolelewa sebuleni haujawahi kuona upepo. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya Mei nautoa nje kivulini kwa muda wa saa mbili, kesho yake kwa saa nne, naongeza hivyo kwa siku kumi, ndipo napanda.

Mahali panapoifaa ni penye jua au nusu kivuli, na udongo unaoshika unyevu. Iweke nyuma ya mimea mingine, kwa kuwa mwakani itakuwa ndefu kuliko uzio. Nafasi kati ya mche na mche iwe sentimita 40 hadi 45. Changanya ndoo moja ya mboji iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba, lima hadi kina cha jembe na ulainishe.

Kuhusu udongo nataka nikukalishe kidogo. Mzizi wa valeriani haufanani na karoti. Ni kishina cha chini ya udongo, kifupi kama kitunguu, hakizidi kidole gumba, kilichozungukwa na mizizi myembamba kama ndevu za mzee, mamia kwa mamia. Kwenye udongo wa mfinyanzi, ndevu hizo hufinyangwa na tope mpaka huwezi kuzitenganisha. Niliwahi kuosha shina moja kwa saa nzima kwenye bomba la bustani, na bado nilikuta mchanga kwenye chai. Kwenye udongo tifutifu wenye kichanga, unakung'uta mara mbili na kazi imekwisha. Kama ardhi yako ni ya mfinyanzi, jaza kisanduku cha mbao chenye kina cha sentimita 40 kwa udongo mzuri na upande humo. Utanikumbuka siku ya kuosha.

Unaweza pia kusia moja kwa moja bustanini, Aprili au mwishoni mwa kiangazi ukiwa na mbegu mbichi za msimu huo, kwa masharti yale yale: uso bapa, bila kufunika, unyevu kila siku. Huwa sifanyi, kwa sababu mvua moja ya radi hunisombea zote hadi kwa jirani.

Paka

Paka wa mtaa mzima wataijua bustani yako kabla ya rafiki zako. Kuna vitu ndani ya mmea huu vinavyowalevya. Watajigaragaza juu ya miche, wataitafuna, watachimba. Nilipoteza miche mitatu kwa usiku mmoja kwa paka wa rangi ya chungwa ambaye hata mwenye naye simjui. Siku hiyo hiyo unapopanda, tandaza waya wa kuku juu ya tuta, uunyanyue kwa vijiti, na uubanishe ardhini. Ukiondolewa mwishoni mwa Julai, majani yanakuwa na nguvu ya kuvumilia.

Msimu wa kwanza na wa pili

Mwaka wa kwanza kazi yako ni maji na palizi. Isikauke, hasa Julai na Agosti. Tandaza majani makavu au nyasi zilizokatwa ili unyevu ubaki. Konokono wasio na gamba hupenda miche michanga, nawaokota usiku kwa tochi. Vidukari wakija kwenye mashina, wapige kwa maji ya mpira. Ubwiri unga hutokea penye msongamano na udongo mkavu, na dawa yake ni nafasi na maji. Majira ya baridi majani yatakufa yote, paonekane hapana kitu. Weka kijiti cha alama, la sivyo Machi utapalilia mizizi yako mwenyewe.

Mwaka wa pili, kuanzia Mei, mashina yatapanda. Hapa uamue unachotaka. Ukitaka mizizi mikubwa, kata shina la maua likiwa bado chini, nguvu irudi ardhini. Inauma kidogo, maana maua yake yananukia vizuri na nyuki na vipepeo hujaa. Mimi hukata yote isipokuwa mmea mmoja wa mbegu.

Huo wa mbegu uchunge. Baada ya maua kuna siku chache ambapo vile vishungi vimekunjika ndani kama mwavuli uliofungwa, kisha vinafunguka na upepo unavichukua. Kila baada ya siku mbili tikisa kishada ndani ya mfuko wa karatasi. Ukichelewa, mwakani utakuta miche kwenye njia, kwenye tuta la spinachi, na upande wa pili wa uzio. Kishada kilichokwisha kukupa mbegu kikate.

Kuchimba na kukausha

Septemba mwishoni hadi Oktoba, majani yakianza kugeuka manjano, chimba siku ambayo udongo si mkavu wala si tope. Tumia uma wa bustani, uingize mbali kidogo na shina, unyanyue kutoka pande zote. Kung'uta, kata majani, osha haraka kwa maji yanayotiririka, usiloweke. Kile kitunguu kipasue mara mbili au nne, hewa ipite.

Mzizi mbichi haunuki sana. Ukianza kukauka ndipo habari inapoanza, kwa sababu asidi ya isovaleriki hujitokeza, na hiyo ni jamaa wa ile harufu ya soksi zilizovaliwa juma zima. Mara ya kwanza nilitandaza mizizi juu ya kipasha joto cha sebuleni nikaenda kazini. Niliporudi mwanangu alikuwa amesogeza makochi yote akitafuta panya aliyekufa. Mama yangu, aliyekuwa amekuja kututembelea, alinusa mzizi mmoja, akaurudisha mezani kwa ncha za vidole.

"Mwanangu, hii ndiyo dawa ya usingizi?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ukiniwekea hii chumbani nitakesha."

Kwa hiyo kausha kwenye ghala la bustani au chumba kisichokaliwa, penye hewa na kivuli, mizizi ikiwa imetandazwa safu moja juu ya chandarua au wavu. Ukitumia kikaushio cha umeme, joto lisizidi nyuzi 40, mafuta yake yasipotee. Imekauka pale inapovunjika kwa kishindo badala ya kupinda, na kile kitunguu cha katikati ndicho cha mwisho kukauka, kipime hicho. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko mzito, gizani. Mfuko wa plastiki hautoshi: harufu itatoka na paka ataingia.

Kikombe chenyewe

Kijiko kimoja cha chai cha mizizi iliyokatwakatwa, kama gramu 2 hadi 3, kwenye kikombe cha maji ya moto. Funika dakika kumi hadi kumi na tano, chuja, kunywa nusu saa hadi saa moja kabla ya kulala. Asali inasaidia ladha, harufu haina dawa.

Usitegemee ikuangushe kama kidonge. Wakala wa Dawa wa Ulaya unaikubali mizizi ya valeriani kwa wasiwasi mdogo na shida ya usingizi, na husema kazi yake huja polepole, ikitumiwa mfululizo wiki mbili hadi nne. Tafiti zenyewe hazisemi kwa sauti moja. Watoto chini ya miaka 12 wasipewe, wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie. Usichanganye na pombe wala dawa za usingizi, na ukishakunywa usiendeshe gari. Kama unameza dawa yoyote ya kila siku, muulize daktari au mfamasia kwanza. Na kukosa usingizi kusikokwisha kunahitaji hospitali, si bustani.

Ndugu wa Lushoto au Limuru wakikuomba mbegu, usizitie kwenye bahasha kimyakimya. Mbegu zinazovuka mipaka hutakiwa kibali na cheti cha afya ya mimea. Tanzania mhusika ni TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na Kenya ni KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea. Umoja wa Ulaya nao, tangu Desemba 2019, unadai cheti hicho kwa karibu mimea yote na mbegu za kupanda zinazoingizwa kutoka nje.

Siku ya kuchimba, usikate vyote. Chagua kichwa kimoja au viwili vyenye vichipukizi vyeupe pembeni, uviache na mizizi michache. Virudishe ardhini siku hiyo hiyo kabla havijanyauka, mwagilia, tandaza majani makavu juu. Hivi ndivyo vya kufukia, tena kwa kisigino kama nyumbani. Aprili vitachomoza kabla hata hujatoa trei kabatini.